Nani Ashikaye Majira ya Mto? Mhadhara juu ya Mabwawa ya Ruaha Mkuu na Viumbe Vyake



Wilaya hii ya Kilosa imeketi juu ya mgawanyo wa maji, na hilo ni jambo ambalo sisi tunaokaa humu aghalabu hulipita pasipo kuliangalia. Mvua inayonyesha juu ya milima ya Ukaguru na Rubeho, ikateremka kwa Mkondoa na Miyombo, hukusanyika katika mbuga za Mkata, ikaingia Wami, ikatokea baharini penye Saadani. Lakini mvua inayonyesha upande wa kusini, huko Kidodi na Ruembe, humwagikia Ruaha Mkuu, na Ruaha ukaichukua mpaka Rufiji, ikatokea baharini mkabala wa kisiwa cha Mafia. Katika njia zote mbili mwanadamu ametia mkono wake, akajenga kuta, akazuia maji, akafanya ziwa pasipokuwa na ziwa. Na kila alipofanya hivyo, viumbe vya Mwenyezi Mungu vilikuja vikafanya maskani, bila kuuliza na bila kuulizwa. Habari ya maziwa hayo na wakazi wake ndiyo niliyoitiwa niizungumze, na ningependa kuitanguliza kwa neno moja ambalo yote yatakayofuata ni ufafanuzi wake. Tumezoea kuuliza bwawa lina maji kiasi gani, na swali hilo ni halali. Lakini lililo kubwa zaidi ni kuuliza maji hayo huachiwa lini, na kwa amri ya nani, kwa maana uhai wa mto umo katika majira yake kuliko ulivyo katika wingi wake.

Tuanze hapa mlangoni petu, Kidatu, ambapo Ruaha Mkuu hupasua njia kati ya milima ya Udzungwa na nchi ya Mikumi. Mitambo ya kwanza ya bwawa hili ilianza kufua umeme mwaka 1975, na awamu ya pili ilipokamilika mwaka 1980 nguvu yake ilifikia megawati 204, ikawa kwa miaka mingi hakuna kituo cha umeme wa maji nchini kilichoipita. Lakini bwawa lenyewe ni dogo. Huhifadhi takriban mita za ujazo milioni 125, kiasi ambacho mitambo ile, ikienda kwa nguvu zake zote, ingekimaliza kwa muda usiotimia mwezi. Ndiyo sababu, juu zaidi ya mto, mwendo wa zaidi ya kilomita mia moja kutoka Kidatu, mahali Ruaha Mkuu unapokutana na Kisigo, ukajengwa mwishoni mwa miaka ya 1970 ukuta wa Mtera, ukajengwa bila mtambo hata mmoja, kazi yake ikiwa ni kuyaweka maji ya masika yawe akiba ya Kidatu wakati wa kiangazi. Mitambo ya Mtera penyewe, ya megawati 80, haikutiwa mpaka mwaka 1988. Tangu hapo maji yaleyale hufanya kazi Mtera, yakateremka kupita Ruaha Mbuyuni, yakaongezewa na mito ya Lukosi na Yovi, yakafanya kazi tena Kidatu; na mtu asemaye kuwa haya ni mabwawa mawili hajakosea katika jografia, ila katika tadbiri ni kazi moja inayofanywa mahali pawili.

Ziwa la Mtera likijaa huenea zaidi ya kilomita za mraba 600, nalo ni pana kuliko lilivyo na kina. Kanuni ya uendeshaji wake huliacha lipande mpaka mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, na lishuke mpaka mita 690. Tofauti hiyo ya mita 8.5, mtu aliyezoea vilindi vya Ziwa Nyasa angeiona ndogo. Lakini katika bonde lililo bapa kama lile, mita moja tu ya kushuka huusukuma ufuko masafa makubwa, hata mvuvi aliyejenga banda lake karibu na maji baada ya masika akajikuta mwishoni mwa kiangazi ametengwa nayo kwa uwanda wa tope lililopasukapasuka. Watu wa pwani wanajua kupwa na kujaa, wanajua bamvua na maji mafu, na mvuvi wa Bagamoyo aweza kukwambia saa ya maji kwa kuutazama mwezi. Mtera nalo ni ziwa linalopwa na kujaa, isipokuwa mwezi wake ni haja ya umeme ya mijini, na kiumbe aishiye ufukweni pake hana alama yoyote mbinguni ya kumwonya.

Na viumbe hao ni wengi. Maji yalipopanda mara ya kwanza yaliizamisha miti ikiwa imesimama, ikafa pale pale, na katika sehemu za maji haba magogo yake yalibaki yametokeza juu ya maji kwa miongo ya miaka. Juu ya magogo hayo mnandi hutandaza mabawa yake kuyakausha, furukombe hukaa akivinjari kilindi, na chini yake, penye tope, yangeyange na korongo huchokoa. Mwari huja kwa makundi samaki wanapokuwa tele. Wapendao kuangalia ndege wameisifu Mtera kuwa ni mojawapo ya mahali pazuri nchini kwa kazi hiyo, na sifa yenyewe imetokana na miti tuliyoiua. Viboko na mamba, waliokuwamo mtoni tangu zamani, walipata nafasi wakaenea.

Hata hivyo, kama ningetakiwa nichague kiumbe mmoja wa kuonyesha ninalolisema, ningemchagua perege, samaki ambaye kila mmoja wetu amemla. Wakati wa kuzaa, dume la perege hutafuta maji haba yenye mchanga au tope jepesi, akachimba kwa kinywa na kwa mkia shimo la mviringo, akaliondolea kila jani na kila kijiti, akalilinda dhidi ya madume wenziwe. Jike huja akataga humo, na mara huyachukua mayai kinywani, akayaatamia huko huko mpaka watoto watoke; na hata baada ya kutoka, kikipita kivuli cha ndege juu yao, hukimbilia tena kinywani mwa mama yao. Ada hii ameirithi katika mto wa asili, ambao maji yake yalipanda wakati wa masika, yakakaa juu ya majani miezi kadhaa, kisha yakashuka polepole. Katika ziwa linaloshushwa kwa haraka, shimo hukauka kabla jike hajafika. Ukipita ufukweni katika majuma ambayo maji yanakimbia utayaona mashimo hayo yamepangana juu ya tope, yale ya juu yamekuwa magumu na meupe, yale ya chini yangali na unyevu katikati, na nyayo za ndege zimeyazunguka yote. Mamba naye huyafukia mayai yake mchangani wakati wa ukavu, na huyangoja kwa miezi mitatu hivi. Maji yakipandishwa kabla ya muda huo kutimia, kizazi kizima huzama chini ya mchanga.

Wanadamu nao wamo katika hesabu hiyohiyo. Maji yakirudi nyuma huacha ardhi yenye rutuba na unyevu, na watu huifuata wakapanda mahindi na mboga mpaka ukingoni. Kiboko, ambaye mchana kutwa hukaa majini na usiku hutoka kutafuta majani, hupata kati yake na malisho tope refu na shamba la mtu, akala alichokikuta. Hapo huitwa mharibifu, na pengine hupigwa risasi, hali mpaka uliohama ni wa maji, wala si wa kwake wala wa mkulima. Fauka ya hayo, maji yaliyotulia huwafuga konokono wachukuao kichocho, nacho huwapata watu popote wanapoteka na kuoga. Haya yote hayatoshi kusema kuwa bwawa lisingejengwa. Taa ninayosomea karatasi hizi huenda inawaka kwa maji ya Ruaha, na sioni fahari yoyote katika kuilaani neema ambayo mtu anaitumia.

Sasa laja suala lililowashughulisha wengi: kwa nini maji ya Mtera hupungua? Mwaka 1993 Ruaha Mkuu, mto uliojulikana kuwa hautindiki, ulikatika wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na baada ya hapo ukawa unakatika mwaka baada ya mwaka. Viboko na mamba wakasongamana vidimbwini, samaki wakafa kwa kukosa pumzi. Lawama ilielekezwa Usangu, upande wa juu wa mto, kwa mashamba ya mpunga ya Mbarali na Kapunga na kwa mifugo iliyoingia katika majimaji ya Ihefu, na lawama hiyo ina ukweli wake, kwani maji yanayochepushwa kiangazi ndiyo yaleyale yaliyokuwa yakiuvusha mto mwezi wa Oktoba. Mwaka 2006 wafugaji waliondolewa Usangu pamoja na ng'ombe wao, na wengi wakashuka pande za kusini na mashariki kutafuta malisho. Lakini insafu yataka tuseme na la pili. Wataalamu wa maji wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliozipiga hesabu za Mtera na Kidatu walionyesha kuwa nyuma ya upungufu wa miaka ya mwanzo ya 1990, ule ulioleta mgao wa umeme nchi nzima, kulikuwa pia na maji mengi yaliyoachiwa yakamwagika bila haja. Mkulima wa mpunga alibeba hatia yote, hali sehemu ya maji yale ilipotea kwa kufunguliwa milango katika wakati usio wake. Sijui dhuluma iliyo nyepesi kusahauliwa kuliko hiyo ya kuhesabu mfereji wa maskini na kuacha kuhesabu mlango wa bwawa.

Rudini nami Kidatu. Maji ya bwawa hili hayaangukii chini ya ukuta wake. Huingizwa katika handaki lililotobolewa ndani ya mlima, urefu wa kilomita zipatazo kumi, yakashuka takriban mita 175 mpaka kwenye mitambo iliyofichwa chini ya ardhi, kisha yakarudishwa mtoni huko mbele. Maana yake ni kuwa kati ya ukuta na mahali maji yanaporudi, mto wenyewe, pamoja na majabali yake na vilindi vyake, hubaki na sehemu ndogo ya maji yake katika siku zote ambazo bwawa halifuriki. Abiria aendaye Ifakara huuona Ruaha ukiwa umejaa kando ya mashamba ya miwa, akadhani haujapungua mahali popote. Kile kipande cha juu, kilichojificha milimani, hakimpitii machoni wala akilini.

Mtu akiuliza ni kipi kiwezacho kupotea katika kipande kifupi cha mto, jibu liko upande wa kusini wa milima hiyohiyo ya Udzungwa, penye maporomoko ya Kihansi. Mwaka 1996, ujenzi wa bwawa la huko ukiwa umekwisha kuanza, wachunguzi walimkuta chini ya maporomoko chura mdogo wa rangi ya dhahabu, mwenye kutoshea juu ya ukucha wa kidole gumba alipokuwa bado mchanga, na asiyefika sentimita 3 alipokomaa. Hakuwa akitaga, alizaa watoto wake wakiwa hai. Wala hakuwa akiishi majini: aliishi katika manyunyu, yaani katika ule umande mzito ambao maporomoko huurusha juu ya majani mchana na usiku, na eneo lote la makazi yake lilikuwa la hekta chache tu, na duniani kote hakuwa na pengine. Kituo cha megawati 180 kilipoanza kazi mwaka 2000, sehemu kubwa mno ya maji ya maporomoko iliingia kwenye mabomba, na manyunyu yakakatika. Yalitandazwa mabomba membamba ya kunyunyiza maji kwa mashine ili kuyaiga maporomoko, na vyura wakaongezeka kwa muda. Kisha katika mwaka 2003 wakaanguka ghafula, ugonjwa wa kuvu ukiwa miongoni mwa sababu zilizotajwa, na mwaka 2009 ikatangazwa rasmi kuwa wametoweka porini. Waliosalimika ni kizazi cha vyura 499 waliochukuliwa mwaka 2000 wakapelekwa kufugwa Marekani. Wazao wao walirudishwa nchini, na mwaka 2012 wakaanza kuachiwa tena Kihansi. Hakuna mtu aliyekusudia kumwangamiza chura yule. Mhandisi aliyepima maji aliyapima kwa mita za ujazo, naye alifanya kazi yake sawasawa. Hapakuwa na mtu aliyetakiwa kuyapima manyunyu.

Kwa upande wa maziwa madogo, tunalo moja ndani ya Hifadhi yetu ya Taifa ya Mikumi, iliyotangazwa mwaka 1964. Upande wa kaskazini, kupita Chamgore, liko bwawa la Mwanambogo, mahali ambapo wakati wa ukavu tembo, nyati, pundamilia na kuro hukutana katika maji mamoja. Nimekaa pale jioni nikawatazama nyati wakiingia maji mpaka tumboni, ndege wakitembea migongoni mwao wakiwadonoa kupe, na tembo wakingoja ukingoni mpaka wapishwe, jambo ambalo sikulitarajia kwa mnyama wa ukubwa ule. Bwawa la namna hii lina fadhila moja ambayo Mtera haina: hujazwa na mvua na hukaushwa na jua, wala hapana mtu aliyeshika ufunguo wake. Lakini nalo lina athari zake, kwa kuwa maji yakikaa mahali pamoja kiangazi kizima, wanyama nao hukaa, wakakanyaga na kula miti ya karibu kuliko iwezavyo kuchipua. Kwa maoni yangu mabwawa ya mbugani yafaa yawe machache na yaachwe mengine yakauke, ili mbuga ya Mkata ipate kupumzika sehemu kwa sehemu.

Dunia nyingine imekwisha kuyapitia haya. Mto Zambezi ulipozibwa Kariba mwishoni mwa miaka ya 1950, watu wa kabila la Watonga wapatao 57,000 walihamishwa, na walinzi wa wanyama wakazunguka kwa mashua miaka kadhaa wakiwaokoa maelfu ya wanyama waliokwama juu ya vilima vilivyogeuka visiwa. Ziwa lile jipya halikuwa na samaki wa maji ya wazi katikati yake, basi katika miaka ya 1967 na 1968 wakaletwa dagaa kutoka Ziwa Tanganyika, ambao leo ndio riziki ya wavuvi wa Zambia na Zimbabwe. 

Lakini lililo zito zaidi kwetu sasa liko chini ya mto huuhuu wa Ruaha. Bwawa la Julius Nyerere, katika bonde la Rufiji, lilianza kujazwa tarehe 22 Desemba 2022, na mtambo wake wa kwanza kati ya 9 ukaanza kazi Februari 2024. Mitambo hiyo ikifanya kazi yote nguvu yake ni megawati 2,115, mara kumi ya Kidatu, na ziwa lake hushika maji mara kumi ya Mtera. Chini yake yako maziwa ya asili ya Tagalala, Manze na Nzerakera, ambayo tangu awali yalijazwa na mafuriko ya Rufiji; na mbele zaidi iko delta yenye mikoko mingi kuliko mahali pengine popote katika pwani yetu, ambapo kamba hukulia katika mchanganyiko wa maji chumvi na maji matamu. Vyote hivyo vimezoea mto unaofurika kwa msimu na kupungua kwa msimu. Mto unaotoka chini ya ukuta kwa kipimo kimoja mwaka mzima, hata uwe na maji mengi, huyaacha maziwa yale bila kuyafikia na hulegeza ule mpaka wa chumvi. Na katika masika ya mwaka 2024, watu wa Rufiji na Kibiti walipofikwa na mafuriko makubwa, mjadala ulikuwa mkali juu ya sehemu ya bwawa katika maafa yale. Mimi nilichokisikia katika mjadala ule, zaidi ya hasira, ni watu waliotaka kuambiwa mapema.

Watu wa Kilosa mnalielewa hilo kuliko wengine. Mkondoa, unaotoka Dodoma kwa jina la Kinyasungwe na kufuatana na reli ya kati bonde zima kutoka Gulwe, ulivunja kingo zake mwishoni mwa Desemba 2009, ukabomoa nyumba, ukawaacha maelfu ya watu katika mahema, na ukaing'oa njia ya reli hata treni zikasimama kwa miezi. Huko juu, Kidete, lilikuwapo bwawa la kuipunguza nguvu ya mto huo, nalo lilibomolewa na maji, na kazi ya kulijenga upya ikachukua muda mrefu kuliko subira ya watu wanaoishi chini yake. Bwawa lililoachwa bila matunzo ni hatari kuliko mto usio na bwawa, kwa kuwa watu hujenga kwa kuliamini.

Sheria tunayo, tena nzuri. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 imeyaweka matumizi ya nyumbani mbele ya yote, na mara baada yake imeyaweka maji ya kubakia mtoni kwa ajili ya uhai wa mto wenyewe; umeme, kilimo na viwanda vimekuja nyuma ya hayo mawili. Bodi za maji za Bonde la Rufiji na la Wami/Ruvu ndizo zilizopewa dhima ya kuitekeleza. Ninaloliomba halihitaji sheria mpya wala fedha nyingi. Mtera ishushwe taratibu katika majuma ambayo perege wanazaa. Mlango unapofunguliwa, vijiji vilivyo chini viambiwe kabla, kwa redio na kwa mbao za matangazo. Rufiji ipewe walau furiko moja la kweli katika masika ambayo ziwa limejaa. Na kipimo cha maji ya kila bwawa kibandikwe mahali ambapo mvuvi na mkulima wanaweza kukisoma bila kuomba ruhusa.

Jumuiya za watumia maji, ambazo sheria hiyohiyo imezitambua, zina haki ya kuketi na bodi na kuuliza. Swali la kwanza ambalo ningependa liulizwe na watu wa Kidodi na Ruaha ni hili: katika mwezi wa Oktoba uliopita, kati ya ukuta wa Kidatu na mahali maji yanaporudishwa mtoni, yaliachwa maji kiasi gani, na kwa siku ngapi?